Emajensi ya watoto: mbona nilichagua kupitia kwa watoto kwanza

Intani, wale madaktari wapya wa mwaka wa kwanza kazini, wakipita kwetu, kila kundi huwa na mmoja ama wawili ambao unawajua tu, wanapenda kasualti ya watoto, wakiambiwa shifti imeisha bado wako hapo wanashikilia mkono wa mtoto anayewekewa kanula, na hao ndo hunifuata kuniuliza kama mtu anataka kufanya hii kazi maisha yake yote apitie wapi. Aanze na udaktari wa watoto ama aanze na emajensi? Abaki Nairobi ama aanze kuweka pesa za mitihani ya Marekani? Mi huwajibu tukitembea, nusu ya jibu kwa koridoni, nusu kwa ngazi, na jibu la hivyo halimtoshi mtu anayeenda kupanga miaka kumi ya maisha yake. Kwa hivyo naandika hapa yote ninayofikiria, kirefu, na nitasema wazi nimesimama wapi. Mi ni rejistra, yaani daktari anayesomea ubingwa, nasomea MMed (shahada ya ubingwa) ya watoto, na nikimaliza naenda feloshipi, mafunzo ya juu baada ya ubingwa, ya emajensi na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya watoto. Nilipima hizi njia zote kabla ya kuchagua, na bado naamini kwa daktari anayetaka kufanya kazi Kenya hii ndo njia.

Tuanze na kazi yenyewe, manake watu wengi wanachagua njia kabla hawajaiangalia kazi vizuri.

Mwili wa mtoto unaficha. Mtu mzima akipoteza damu ama maji presha itaanza kushuka na mashine itakuambia, lakini mtoto moyo wake unakimbia, mishipa ya mikono na miguu inajifunga, presha inabaki pale pale, unaangalia namba unaona ni sawa, alafu siku ikishuka imeshuka kweli na hapo umechelewa. Damu ya mtoto ni kama mililita 80 kwa kila kilo, kwa hivyo mtoto wa kilo 5 damu yake yote ni mililita 400, haijazi chupa ya maji ya nusu lita unayonunua kwa steji. Fikiria hiyo ukiwa umeshika sindano unataka kutoa damu ya vipimo vitano. Oksijeni nayo, ukipima kwa kilo, mtoto mchanga anatumia karibu mara mbili ya mtu mzima, ndo maana akiacha kupumua una dakika chache sana. Na moyo wa mtoto mara nyingi hausimami kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, unasimama kwa sababu oksijeni imeisha ama mzunguko wa damu umeanguka, na kabla usimame unaanza kwenda polepole, na ukiona mtoto mgonjwa sana moyo uliokuwa unakimbia umeanza kutulia usifurahi, kimbia uchukue ambubegi, lile begi la kumpumulia mtoto kwa mkono.

Aliyenifundisha hii kazi zaidi ya mtu yeyote ni sista mmoja wa kasualti. Asubuhi foleni ikiwa imejaa mpaka nje, kina mama wamekaa kwa benchi, watoto wamefungwa shali, alikuwa anapita polepole bila kusema mengi, anaingiza mkono chini ya shali anashika mguu wa mtoto. Hivyo tu. Mguu ukiwa baridi na kifua kina joto anasimama. Anabonyeza ukucha wa kidole gumba, anaachilia, anahesabu rangi inarudi baada ya muda gani, na ikipita sekunde tatu anasema, "Mama, nipe mtoto, nifuate." Siku moja mama aliyekuwa mbele kabisa akalalamika, "Lakini Sista, mimi nimefika hapa saa kumi na moja, huyu ameingia saa hii." Sista akamjibu bila kukasirika, "Najua mama, na wako nimemwona. Wako analia kwa nguvu, hiyo ni nzuri. Huyu ameshindwa kulia."

Nataka intani waelewe hiyo sentensi kabla waanze kuniuliza habari ya Marekani.

Na kile sista alikuwa anafanya kina historia yake. Kule Blantyre, Malawi, kwenye Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mapokezi ya watoto, wale wagonjwa sana wakaanza kutolewa kwa foleni na kutibiwa hapo hapo, na matokeo waliyoyachapisha 2006 yalionyesha vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 mpaka asilimia 6 hadi 8. Hawakununua mashine ya ajabu, kikubwa walichobadilisha ni nani anaonwa kwanza na wapi, na watu wakafunzwa. Shirika la Afya Duniani wana mafunzo yao ya hivyo, ETAT, ya kupanga na kutibu watoto wa emajensi, na hapa kwetu yakaongezewa mambo ya matibabu baada ya kulazwa yakaitwa ETAT+, kozi ya siku tano, na yanaenda pamoja na kile kijitabu cha Wizara ya Afya ambacho kila intani wa watoto anatembea nacho mfukoni mpaka kona zinachakaa. Njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kupoteza fahamu na degedege, kuishiwa maji. Kwa hiyo mpangilio. Kila mara. Ukiwa umechoka saa tisa usiku huo mpangilio ndo unakufikiria badala yako.

Sasa njia.

Hapa Kenya unasoma MBChB miaka sita, mwaka mmoja wa intaniship, unapata leseni ya KMPDC, baraza la madaktari, unafanya kazi kama MO, daktari wa kawaida, kwa muda, alafu MMed ya watoto ambayo ni miaka mitatu Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukishakuwa daktari bingwa wa watoto ndo unaweza kuomba feloshipi ya miaka miwili ya emajensi na ICU ya watoto, ambayo ilianzishwa 2013 na Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na University of Washington ya Seattle, na mafunzo yanafanyika Kenyatta na AIC Kijabe, ile hospitali iko kule juu ya bonde ukielekea Naivasha. Ukihesabu, ni miaka mitano ya masomo baada ya leseni ukiacha ile ya kazi hapo katikati.

Marekani ziko njia tatu na ni vizuri kuzijua hata kama huendi, manake ndo vitabu vingi tunavyosoma vinatoka huko. Ya kwanza unafanya residensi, yaani mafunzo ya ubingwa ukiwa kazini hospitalini, ya watoto miaka mitatu alafu feloshipi ya emajensi ya watoto mingine mitatu, na wengi wanapitia hapa. Ya pili unafanya residensi ya emajensi ya kawaida, mitatu ama minne kutegemea programu, alafu feloshipi miaka miwili. Ya tatu ni residensi ya kuchanganya yote mawili, watoto na emajensi, miaka mitano, lakini hizo programu ni chache. Wa njia ya kwanza mara nyingi anabaki kwa watoto pekee, wa njia ya pili anaweza kushika shifti ya watu wazima leo na ya watoto kesho. Mtihani wao wa kwanza wa kutambua huu ubingwa ulifanywa 1992 tu, kwa hivyo hata huko si kitu cha zamani vile tunavyodhani. Uingereza pia unaweza kuanzia upande wowote kati ya hiyo miwili, watoto ama emajensi, mwisho mnakutana.

Jirani zetu walichagua kuanza na emajensi ya watu wote. Muhimbili, Dar es Salaam, walifungua idara ya emajensi 2010 na mwaka huo huo wakaanza kufundisha mabingwa wao, na Uganda wanafundisha Mbarara na Makerere. Mi nawaheshimu sana hao watu, na nitarudi kwao hapo chini.

Mbona basi mi nilipitia kwa watoto? Jibu langu ni hili, angalia ni nini kinaleta watoto kwa kasualti ya hapa kwetu. Nimonia. Kuharisha mpaka macho yameingia ndani. Maambukizi ya damu kwa mtoto wa siku nne ambaye mama anasema tu "hanyonyi." Degedege. Malaria kwa mtoto ambaye juzi alitoka kutembelea nyanya yake Busia. Mtoto wa sikoseli mwenye damu imeshuka. Utapiamlo uliofichwa na uso uliovimba. Ajali ziko, na nitazisema, lakini ukikaa hapo usiku mzima utaona kazi kubwa ni magonjwa ya kawaida ya watoto yaliyofika yakiwa yamechelewa, na kuyajua hayo magonjwa kutoka mwanzo mpaka mwisho ndo kazi ya daktari wa watoto. Mtoto mwenye utapiamlo na shoki, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, hatibiwi kama mtoto mnene mwenye shoki, mtoto wa siku nne si kama wa miaka minne, na ukikosa kutofautisha hapo mlangoni hakuna mtu wa kukusahihishia baadaye.

Sababu ya pili ni kitanda. Kwa nchi zenye vitanda vya ICU vya kutosha daktari wa emajensi anamtuliza mtoto saa moja ama mbili, anapiga simu juu, mtoto anaenda, yeye anarudi kwa anayefuata. Kwetu unampigia simu ICU unaambiwa imejaa, unajaribu hospitali ingine imejaa, na mtoto anabaki na wewe, usiku mzima, saa ingine mpaka kesho jioni. Sasa wewe uliyesomea saa ya kwanza pekee utafanya nini saa ya kumi na mbili? Dripu ya polepole ya kumdumisha ni ngapi, sukari inashuka tena, anaanza kuchoka kupumua, umwongezee presha ya CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa puani, ama umwekee mrija kooni, na ukimwekea mrija nani atabana hiyo ambubegi mpaka asubuhi. Ndo maana naona waliounda hii feloshipi yetu waliona mbali sana, hawakutenganisha emajensi na ICU, walijua mtoto ni mmoja na daktari mara nyingi atakuwa mmoja. Mi naona hicho ndo kitu cha akili kuliko vyote katika hii hadithi nzima, na mtu akiniuliza mbona nisiende pahali wamevitenganisha, hilo ndo jibu langu la kwanza.

Alafu kuna FEAST, utafiti mmoja wa maji ya mshipa kwa watoto, na hii nitaichukulia muda.

Kwa miaka mingi duniani kote daktari alifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za shoki apewe maji ya mshipa mengi na kwa haraka, mililita 20 kwa kilo, ongeza tena, ongeza tena. Ilikuwa kwa vitabu vyote. Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, na wenzake wakafanya kitu ambacho wengi waliona hakina haja, wakaijaribu. Watoto 3,141, Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na mzunguko wa damu mbaya, wengine wakapewa yale maji ya haraka, wengine wakapewa ya polepole ya kawaida. Waliokuwa wanaharisha mpaka wakaishiwa maji hawakuhusishwa, hao wanajulikana wanahitaji maji. Matokeo yakatoka 2011. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa karibu asilimia 10.6, na wale waliopewa polepole asilimia 7.3. Soma tena hizo namba. Matibabu ambayo dunia nzima iliyaona ni ya kuokoa yaliua zaidi, na tulijua kwa sababu mtu aliamua kuuliza swali kwa watoto wa hapa, kwenye wodi za hapa, ambapo hakuna mashine ya kumpumulia kila mtoto ambaye mapafu yamejaa maji.

Ndo maana siku hizi hapa kwetu unafundishwa kuangalia kwa makini kabla ya kufungua hiyo dripu, shoki ya kuharisha iko na njia yake, mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu iko na yake ambayo ni damu, mwenye utapiamlo iko na yake. Ukisomea pahali pengine utafundishwa vizuri sana, lakini utafundishwa kwa mtoto ambaye nyuma yake kuna ICU. Wanasayansi bado wanajadiliana matokeo ya FEAST yanafika wapi kwa nchi tajiri, na huo mjadala ni wa haki kabisa, lakini kwa daktari wa Bungoma ama Garissa mjadala ulishaisha. Mi nataka kusomea pahali ambapo mwalimu wangu akisema "ngoja, usifungue hiyo maji," anasema kwa sababu ameshawahi kusimama pale.

Sasa upande wa pili, na nausema kwa moyo wote manake sitaki mtu afikirie nadharau emajensi. Njia ya watoto ina mapengo na ukiingia bila kuyajua utatoka nayo. Tunajua magonjwa, lakini mikono yetu inachelewa. Mtu wa emajensi ameshaweka mrija kooni mara nyingi sana kwa watu wazima kabla hajafika kwa mtoto, amezoea chumba chenye kelele, amezoea wagonjwa sita kwa wakati mmoja, anajua kupanga foleni, anajua nani anasimama wapi wakati wa kufufua mtu na nani anaandika saa. Sisi tumelelewa kwa wodi raundi, tunapenda kufikiria polepole. Na ajali, hapo ndo tunapwaya kabisa. Nairobi watoto wanaungua, chumba kimoja, jiko liko chini, chai ya jioni iko juu ya jiko, mtoto anaanza kutembea. Wanakunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwa chupa ya soda. Wanagongwa na bodaboda wakivuka kwenda shule. Kwa mtoto wa mafuta ya taa mzazi ameshampa maziwa ama amemtapisha kabla hajafika, na ukiwa hujui kwamba kutapisha ndo kunapeleka hayo mafuta kwa mapafu utaendeleza makosa yale yale.

Kwa hivyo nikajipangia. Kila nafasi niliyopata ya kuchagua nilienda thieta kwa madaktari wa usingizi, hao ndo walimu wa njia ya hewa, hakuna pahali pengine utafundishwa kwa utulivu vile mtoto mchanga kichwa chake kinafaa kukaa katikati, si kukunjwa nyuma kama cha mtu mzima, na vile maski ikikaa vizuri hata begi ndogo inatosha na kifua kinainuka polepole tu. Kitu kimoja walinifundisha sitaacha kukirudia, kwamba watoto wengi wanakufa wakitafutiwa mrija wakati begi na maski ilikuwa inafanya kazi. Nikaenda kwa wodi ya kuungua nikajifunza kupima eneo lililoungua kwa mtoto, manake kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili na ile hesabu ya watu wazima inakudanganya. Nikafanya mazoezi ya kuweka sindano ya mfupa chini kidogo ya goti, upande wa ndani, pale bapa, unasukuma na kuzungusha mpaka unasikia imeachilia ghafla, hapo umeingia, na hiyo sindano inakuokoa siku mishipa yote imejificha na kila mtu amejaribu. Ukisubiri feloshipi ikufundishe hayo yote utakuwa umechelewa, anza ukiwa MO.

Kuhusu kwenda nje, sitamwambia mtu asiende. Kuna rafiki zangu wameenda na wanafanya kazi nzuri. Lakini nenda ukijua. Marekani utafanya USMLE, mitihani yao ya leseni ya udaktari, Step 1 siku hizi ni kupita ama kufeli tu tangu 2022, kwa hivyo Step 2 ndo inaangaliwa kwa alama, uthibitishwe na ECFMG, wanaokagua madaktari waliosomea nje ya Marekani, uombe programu, usafiri ama ufanye intaviu kwa kompyuta, usubiri Machi uambiwe umepata wapi ama hujapata. Ukienda kwa viza ya J-1, ile ya mafunzo, utahitaji barua ya Wizara ya Afya ya kwenu kusema nchi inahitaji huo ubingwa, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili isipokuwa upate msamaha wa hilo sharti. Sasa fikiria, ni miaka sita huko, watoto wako wanaanza shule huko, na ile ahadi ya kurudi inakuwa nzito kila mwaka. Mtu akiniambia anaenda na hatarudi namwombea heri. Mtu akiniambia anaenda ili arudi afanye kazi hapa, namuuliza mbona usianze na ya hapa, alafu uende nje miezi michache kuongeza kile kinachokosekana?

Pesa. Hili lazima lisemwe. Ukiwa umeajiriwa na kaunti ama serikali unaweza kupata ruhusa ya masomo, mshahara unaendelea, na unaweka sahihi ya kurudi kuwafanyia kazi miaka fulani. Ukiwa unajilipia, unalipa karo na unafanya kazi usiku na mchana kwa hospitali ya kufundishia bila mshahara, alafu wikendi unatafuta lokamu, kazi za muda, kwa kliniki za mtaani ili ulipe nyumba. Nawaona rejistra wenzangu wa hivyo, wanatoka shifti ya usiku hapa wanaenda ingine Kayole ama Rongai, na hao ndo wanaamkia kwa chumba cha kufufua watoto. Si haki, na haifai kuzoeleka. Mgomo wa 2024 ule wa siku 56 ulikuwa sana sana juu ya intani kupewa nafasi na kulipwa vile walikubaliana, na watu wakidhani hayo ni mambo ya madaktari tu wafikirie ni nani wa kwanza kumshika mtoto wao akifika kasualti. Ni intani.

Baba yangu, ambaye alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, aliniuliza swali ambalo hakuna profesa aliyeniuliza. "Kwa hivyo ukimaliza hiyo yote, mwanangu, kuna pahali wameandika kwamba wanataka mtu kama wewe?" Nikamwambia afya ilienda kaunti 2013 na kaunti nyingi bado zinatafuta daktari wa watoto wa kawaida, hazijafika kwa huu ubingwa. Akasema, "Basi utaenda kama wa kawaida, ufanye ile ingine ukiwa ndani." Na ndo ukweli. Wengi wetu tutaajiriwa kama madaktari wa watoto, alafu tutaanza kupanga triaji, yaani nani anaonwa kwanza, kupigania kona ya kufufulia watoto, kuhakikisha kuna oksijeni na mashine ya kuipima kwa damu, na hiyo kazi ya kujenga ndo itakuwa nusu ya kazi. Kama unapenda tu ule msisimko wa kufufua na hupendi kukaa kwa mikutano ya kuomba betri za mashine, fikiria tena. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano Kenya vilishuka kutoka 52 kwa kila 1,000 mwaka wa 2014 mpaka 41 mwaka wa 2022, kulingana na ule utafiti mkubwa wa kitaifa wa afya, na 21 kati ya hao 41 ni wachanga wa chini ya mwezi mmoja. Kupunguza zaidi ya hapo kutahitaji watu wa kukaa kwa hiyo mikutano.

Na si madaktari pekee. Nina binamu yangu ni klinikal ofisa, alisoma KMTC, chuo cha mafunzo ya afya cha serikali, diploma miaka mitatu na mwaka mmoja wa intaniship, na hospitali nyingi za kaunti ndogo huyo ndo daktari wa pekee mtoto ataona usiku. Kwa klinikal ofisa iko diploma ya juu ya watoto, na Kijabe walianzisha mafunzo ya emajensi na ICU ya kwao. Wauguzi nao wana mafunzo yao ya juu ya ICU na ya watoto. Ukiwa kwa hizo njia usikubali mtu akuambie uko chini, yule sista niliyewasimulia, mkono wake umeokoa watoto wengi kuliko wangu na sitarajii kumfikia.

Kwa wale wanaojaza fomu mwaka huu, fanyeni ETAT+ kabla ya intaviu, kama mnaweza mrudi kufundisha kama wasaidizi, kufundisha ndo kunakushika. Ukitembelea programu yoyote, iwe ya hapa ama ya nje, usiulize wanaona wagonjwa wangapi, kila mtu ataringa na hiyo namba. Uliza rejistra anaweka mrija kooni mwenyewe ama anaangalia. Uliza mtoto akifa nani anakaa chini na timu kuongea ni nini kilifanyika, na kama hicho kikao kiko kwa ratiba ama ni bahati. Uliza kama kuna rotesheni ya ajali na ya kuungua. Alafu mtafute fello (aliye kwa feloshipi) wa mwaka wa pili, si mkuu wa kitengo, mkae naye kwa chai umuulize akikwama saa tisa usiku anampigia nani na huyo mtu huwa anakuja. Akikutajia jina bila kufikiria, jaza hiyo fomu.